Jani jekundu la Mkunguni

Asalaam aleikum, ndugu zangu wa Amu, yaani Lamu, na nyote mnaonitazama kutoka pwani. Leo sina matembezi ya kuwaonesha, nina jani tu. Ngoja nilisogeze kwenye kamera. Mwaliona? Ukingoni jekundu, katikati manjano, na kando ya mshipa mkubwa kijani kimebaki kidogo. Nimeliokota leo asubuhi chini ya mcheri, uwanjani kwa shule ninayofanya kazi hapa Leeds, Uingereza.

Huku ni Oktoba, majani yapukutika. Vitabuni majira haya huitwa vuli, lakini vuli tuijuayo sisi ni ya mvua, kusi likishaondoka na kaskazi bado halijashika. Ya huku ni baridi, na jua lazama mapema kila siku.

Mimi ni msaidizi wa mwalimu wa watoto wa miaka minne na mitano. Kila Jumatano twawavika viatu vya mpira, twatoka nao nje, kunyeshe kusinyeshe. Mtindo huu wa kusomea msituni ulishika huku baada ya walezi wa chekechea wa chuo cha Bridgwater kwenda Denmark mwaka 1993, wakawakuta watoto wa kule wakisomea nje, wakarudi na fikra hiyo.

Jumatano iliyopita tulikuwa twachora majani. Walaza jani, wafunika karatasi, wasugua krayoni kwa ubavu wake mpaka umbo litokee. Mimi niliyapanga majani yote uso juu, na michoro ikatoka hafifu, watoto wakaanza kuchoka. Kuna kijana mmoja wa miaka mitano, mkimya sana. Alilichukua jani lake, akalipapasa pande zote mbili kwa kidole gumba, akaligeuza mgongo juu. Akasugua. Mshipa wa kati ukatoka, kisha vijishipa vikafuata kimoja kimoja, mpaka ukingo wenye meno. Akaniambia ni kama mkono wa bibi yake. Meza nzima wakageuza majani yao. Mimi sikuwafundisha hilo, kidole chake ndicho kilichomfundisha.

Halafu wakauliza, kwa nini mekundu? Jani ni kijani kwa sababu ya klorofili, inayokamata mwanga wa jua mti upate chakula. Siku zikifupika na baridi ikiingia, mti huacha kutengeneza klorofili, na iliyobaki huvunjika. Manjano yalikuwemo tangu mwanzo, yamefunikwa tu. Wekundu ni jambo jingine: hutengenezwa wakati huo huo, kwa sukari iliyomo ndani ya jani.

Nikiwa naeleza hayo moyo wangu ulikuwa Mkunguni, uwanja wetu wa Lamu. Pale mbele ya ngome, mti wa mkungu hugeuza majani yake yakawa mekundu kama haya, makubwa kuliko kiganja cha mtu mzima, yakaanguka chini ya mabaraza. Nimeyakanyaga miaka yote ya utoto wangu nikienda chuoni kusoma Kurani asubuhi. Kungu zake tulizivunja kwa jiwe tukala kiini. Lakini kwa nini jani ni jekundu hatukuuliza, wala hatukuulizwa. Hilo lanisikitisha mpaka leo.

Ndiyo maana naongea na nyinyi, mama zangu na walimu wangu. Dada mmoja amenitumia sauti: mwanawe ameambiwa shuleni alete karatasi za rangi, gundi na mapambo ya kununua, kwa somo la mazingira. Pesa hana. Dada yangu, mazingira yako mlangoni pako! Mpeleke mtoto Mkunguni akaokote majani matano, la kijani kabisa mpaka jekundu kabisa, ayapange kwa rangi. Achore kwa mkaa kama krayoni hamna. Jani kavu moja alitie kwenye gilasi ya maji, aliangalie kila siku: maji yatageuka rangi ya chai.

Na hili ni la kufanya na mtu mzima, mbali na jiko. Twangeni jani la kijani kwenye kinu, mulitie kwenye kikombe na spiriti kidogo ya duka la dawa, mutumbukize ncha ya utepe wa karatasi nyeupe inayonyonya maji. Subirini nusu saa. Kijani kitapanda, na juu yake mtaona ukanda wa manjano. Hayo ndiyo manjano yaliyojificha.

Walimu, maji yakitoka nendeni na watoto kwenye mikoko, kwa mashua na mzee anayepajua. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu. Mtoto aone mkoko unavyochipuza mbegu ingali juu ya mti, ikaning'inia kama kijiti kirefu cha kijani, kisha ikaanguka na kusimama kwenye tope. Watoto wangu wa huku niliwachorea ubaoni, hawakuamini. Wa kwenu watauona kwa macho.

Kengele imelia, lazima niingie. Aliye karibu na ngome anipigie picha ya mkungu, nijue wiki hii una majani gani. Na kama kuna mtoto hapo, yeye ndiye achague jani.