Mlango Gani Umekukatalia?

Habari za mchana, na asanteni kwa kuziacha kazi zenu mkaja kunisikiliza.

Usiku mmoja, saa nne zimeshapita, kijana fundi alinipigia simu akiwa chumba cha seva cha hoteli fulani. "Shikamoo mzee. Seva inamkataa adimini." Nikaitikia marahaba, nikamuuliza: "Adimini yupi?" Akanyamaza.

Kunyamaza kule ndiko kulikonileta hapa leo. Alikuwa anasakinisha FreePBX 17, programu ya kuendesha simu za ofisi au hoteli kupitia kurasa za wavuti, juu ya Debian 12, mfumo wa familia ya Linux, na kwenye mashine ya namna hiyo wasimamizi ni wengi na hawafahamiani. Chini kabisa yuko root, msimamizi mkuu wa Linux. Juu yake inakaa Asterisk, programu aliyoianzisha Mark Spencer mwaka 1999 huko Alabama, Marekani, nayo ndiyo inayounganisha simu zenyewe. Ina msimamizi wake ndani ya faili la manager.conf, anayehudumiwa kwenye poti 5038. Hifadhidata ya MariaDB ina mtumiaji wake, na nywila yake imeandikwa ndani ya /etc/freepbx.conf. Halafu yuko adimini wa kurasa za wavuti, zile mnazobofya kuongeza namba za ndani. Nywila ya root haimsaidii mtu kwenye ukurasa wa wavuti, na adimini wa ukurasa hana hata akaunti kwenye Linux. Kwa hiyo kabla hujagusa kitu, jiulize ni mlango gani umekukatalia.

Kijana alikuwa amekwama kwa root. Skripti ya kusakinisha FreePBX haiendi bila root, naye alikuwa ameandika sudo, amri ya kuazima mamlaka ya root, akajibiwa kwamba amri hiyo haipo. Akadhani Debian yake imeharibika. Haikuharibika! Wakati wa kusakinisha Debian, ukimwekea root nywila, sudo haiwekwi kabisa. Utaingia kama mtumiaji wa kawaida, kisha uandike su, amri ya kugeuka root, na kistari: su - . Kistari hicho msikidharau. Ukiandika su tupu unakuwa root kweli, lakini njia za kutafutia amri zinabaki zile za mtumiaji wa kawaida, na amri zilizo kwenye /usr/sbin zitaonekana kama hazipo. Nimeona watu wakifuta seva nzima na kuanza upya kwa sababu ya kistari.

Kuingia moja kwa moja kama root kutoka kwenye laptop, kwa SSH, yaani njia ya kuingia kwenye seva kwa mbali, nako alijaribu akakataliwa. Hapo Debian imefanya kusudi: root kwa SSH haruhusiwi kutumia nywila, labda awe na ufunguo, yaani faili maalumu la siri. Acheni hivyo hivyo.

Basi akiwa kwenye laptop, ameingia kama mtumiaji wa kawaida, akaandika su - , akaweka nywila, ikakataa. Akainuka akaenda kwenye kibodi ya seva yenyewe, akaandika nywila ile ile, ikakubali. Hapo hata mimi nilikaa kitako. Nikamuuliza nywila ina alama gani. "Ina @, mzee." Wakati wa kusakinisha alichagua kibodi ya Uingereza, na iliyo mezani ni ya Marekani. Shift na 2 kwenye ya Marekani ni @. Kwenye ya Uingereza ni alama ya kunukuu. Alipoirudia kuithibitisha, alikosea vile vile mara mbili, seva ikaridhika. Wenzetu wa Bujumbura na Bukavu wenye kibodi za Kifaransa wanaijua taabu hii zaidi, maana kwao hata herufi A iko mahali pa Q. Dawa yake: pale seva inapouliza jina la mtumiaji, andika nywila uione kwa macho, kisha uifute. Usibonyeze Enter, isije ikabaki kwenye kumbukumbu za mfumo.

Kukisia nywila mara nyingi nako kuna gharama: fail2ban, mlinzi anayewafungia wanaokosea nywila mara kwa mara, itaifungia anwani ya laptop yako, na baada ya hapo hata nywila sahihi haifiki. Nenda kwenye kibodi ya seva, andika fail2ban-client unban --all.

Na ukisahau kabisa nywila ya root? Simama mbele ya mashine, iwashe upya, kwenye GRUB, menyu inayotokea kabla mfumo haujawaka, bonyeza e, mstari wa kernel (ule unaoanza na neno linux) badili ro iwe rw, mwishoni ongeza init=/bin/bash, endelea kuwasha, kisha andika passwd uweke nywila mpya. Ndiyo maana chumba cha seva hufungwa kwa kufuli.

Kijana wangu alibadilisha nywila, akaendesha skripti, akafungua ukurasa. Ukamtaka aunde adimini, kwa kuwa FreePBX haiji na adimini wa kiwandani. Anayefika wa kwanza ndiye anayejiandikisha. Nikamuuliza waya wa mtandao umechomekwa wapi.

"Moja kwa moja kwenye modemu, mzee. Seva ina anwani ya umma."

Nikamwambia auchomoe kwanza, aunganishe seva na laptop yake tu, ndipo ajaze ile fomu.