Watu Kwanza, Msimbo Baadaye

Hamjambo wote, na nyie mliotoka Arua na Gulu poleni na safari, najua basi la usiku linavyochosha.

Naanza na zahanati moja tuliyoiwekea programu ya kuandikisha watoto wa chanjo. Mimi na mwenzangu tuliiandika vizuri kabisa, tumeipima kwenye laptopu zetu, kila kitu sawa. Nesi siku ya kwanza anaandika 13/02, inakataa, anaandika tena inakataa, kina mama wamejaa kwenye benchi na watoto mgongoni, basi akavuta kaunta buku yake akaendelea na kalamu. Kumbe tulikuwa tumeacha mwezi utangulie siku, kama wanavyoandika Wamarekani, na mwezi wa 13 haupo. Mbaya zaidi, 05/02 ilikubali tu, ikahifadhi tarehe 2 Mei, mtoto wa Februari akawa wa Mei na hakuna aliyejua. Kurekebisha ilikuwa mstari mmoja! Lakini yule nesi alikaa wiki 3 kimya, nilipomuuliza akasema aliona hii ni kazi ya wataalamu, yeye aanze kusema nini. Hapo ndo niliumia, maana bagi, yaani kosa la programu, tunaiona tunaiziba, ila ule ukimya tuliutengeneza sisi wenyewe.

Wale wa Apache, kundi la watu wanaotunza programu huria kwa kushirikiana, walilijua hili mapema. Miaka ya 90 mwanzoni kulikuwa na seva ya wavuti, yaani programu inayotoa kurasa za tovuti, ya NCSA, kituo kimoja cha kompyuta kule Marekani, inatumika sana, aliyeiandika, Rob McCool, akaondoka katikati ya 1994. Msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, ulibaki palepale, haukuharibika, ila hakuna wa kuutunza, kila mwenye tovuti akawa anaweka viraka vyake, yaani marekebisho madogo, kivyake. 1995 watu 8 wakaanza kuunganisha viraka vyao kwa barua pepe, wengi wao hawako hata mji mmoja, ndo ikazaliwa seva ya Apache, halafu 1999 wakaunda taasisi, na mpaka leo kauli yao ni jamii kabla ya msimbo. Na si maneno ya kupamba. Kwao toleo jipya halitoki bila kura 3 za ndiyo kutoka kwenye kamati ya mradi, kwa hiyo mradi ukishindwa kupata hata watu 3 wa kuusimamia unapelekwa Attic, yaani darini, kule tunakorundika vitu visivyotumika. Msimbo unaweza kuwa mzuri sana, unaenda tu.

Steji zetu za boda zinalijua hili kuliko sisi wa kompyuta. Pikipiki ya mmoja ikifa, steji ipo. Watu wakitawanyika steji imekwisha hata kama pikipiki zote ni mpya.

Na mtu akibaki peke yake ni hatari, nyie mnakumbuka ya XZ 2024, ile programu ya kubana mafaili iliyomo kwenye kompyuta nyingi? Mtunzaji mmoja, anajitolea, amechoka, watu wanamsukuma kila siku mbona matoleo yanachelewa, akaja mtu mkarimu akasaidia kama miaka 2 mpaka akaaminiwa, kumbe anachimba mlango wa nyuma, njia ya siri ya kuingilia seva za watu. Aligundua mhandisi mmoja, Andres Freund, kwa sababu kuingia kwenye seva kulichelewa kama nusu sekunde. Nusu sekunde jamani! Mimi nikisoma ile habari sikumuwaza mdukuzi, nilimuwaza yule mtunzaji, tulikuwa wapi wote tunaotumia kazi yake.

Sasa yule nesi ndo anajaribu kila toleo letu kabla halijatoka, hajui kuandika hata mstari mmoja wa msimbo, na jina lake liko kwenye orodha ya waliochangia, juu ya langu, kwa sababu amekamata makosa mengi kuliko mimi.

Nimeacha bagi 3 ndogo kwenye mradi wetu, naweza kuzimaliza kabla ya chai, na sizigusi. Ni za mtu ambaye hajawahi kuchangia popote. Kama ni wewe njoo hapa mbele tukimaliza, hata kama huna laptopu, tutatumia yangu na nitakaa na wewe mpaka marekebisho yako yaingie kwenye mradi.