Sheria Inayotoka Mahakama ya Rufani

Mhadhara wa Wiki ya Sheria, Tabora

Wazee wangu, shikamooni. Waheshimiwa mahakimu, mawakili wenzangu, walimu, wanafunzi, na akina mama mliofunga meza zenu sokoni mkaja kunisikiliza, nawashukuru.

Mwaka 1983 mwanamke anayeitwa Bi Hawa Mohamed alifika Mahakama ya Rufani ya Tanzania akidai fungu lake katika mali iliyopatikana wakati wa ndoa. Ndoa yenyewe ilikuwa imeshavunjwa katika Mahakama ya Mwanzo ya Kariakoo, Dar es Salaam. Bi Hawa alikuwa mama wa nyumbani. Mchango wake ulikuwa miaka ya kupika, kufua na kuitunza nyumba. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaitaka mahakama iangalie mchango wa kila mmoja, uwe wa fedha, wa mali au wa kazi. Kazi ipi? Kazi ya mke jikoni imo au haimo? Bunge halikusema. Majaji wa Mahakama Kuu, iliyo chini ya Mahakama ya Rufani, waligawanyika: wengine wakasema imo, wengine wakasema huo ni wajibu wa mke tu na hauhesabiki.

Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikasema imo. Ustawi wa familia ni sehemu ya shughuli za kiuchumi za mume na mke, kwa hiyo anayeitunza nyumba anachangia kupatikana kwa mali. Sasa sikilizeni sehemu ambayo watu wengi wakiisimulia kesi hii huiacha. Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu. Mahakama iliona kwamba mumewe alishampa fedha za kuanzisha mradi na fedha hizo hazikutumika vizuri, hivyo fungu lake likahesabiwa kuwa limeshalipwa. Rufaa yake ikatupwa. Lakini sababu zilizoandikwa katika hukumu ile zinatumika mpaka leo, kila mama wa Uyui, Urambo au Nzega anaposimama mbele ya hakimu kudai mgawanyo wa mali ya ndoa. Mwenye kesi alishindwa, na sheria aliyoiacha nyuma yake ikawabeba wengine.

Hilo ndilo nimekuja kuwaeleza. Mahakama ya juu kabisa ya nchi inatunga sheria kwa njia yake, na inaitunga kupitia shida za watu wa kawaida. Haiwezi kuamka asubuhi ikasema leo tutengeneze sheria ya ardhi. Haianzishi shauri, inasubiri rufaa ije. Ugomvi wa shamba, wa dhamana au wa talaka unapanda kutoka chini, ngazi kwa ngazi, mpaka unafika mezani kwa majaji watatu wa rufani. Wanachokiandika pale ndicho kinachoshuka tena na kuzifunga mahakama zote.

Kuhusu kuzifunga, Mahakama ya Rufani haikuacha nafasi ya ubishi. Katika shauri la Jumuiya ya Wafanyakazi Tanzania dhidi ya Kiwanda cha Uchapishaji cha Taifa, lililochapishwa katika ripoti za mwaka 1988, ilisema mahakama na mabaraza yote yaliyo chini yake yanafungwa na maamuzi yake, hata kama wa chini anaamini wa juu amekosea. Hakimu wa wilaya hapa Tabora anaweza kueleza kwa heshima kwamba hakubaliani. Kukaidi hawezi.

Mahakama hii si ya zamani sana. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mahakama ya rufani tuliyokuwa tukishirikiana na jirani zetu ilikwenda nayo, na mwaka 1979 tukawa na yetu. Ibara ya 117 ya Katiba ndiyo inayoisimamisha. Tabora ni moja ya vituo ambako majaji wake huja kufanya vikao.

Nije kwenye jambo linalowagusa vijana wanaokamatwa usiku. Katika shauri la mwaka 1980 la mtu aliyeitwa Waziri Amani, Mahakama ya Rufani ilisema ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu, na mahakama isiutegemee mpaka iridhike kwamba uwezekano wote wa kukosea umeondolewa. Ikataja mambo ya kuuliza. Shahidi alimwona mtu huyo kwa muda gani? Kwa umbali gani? Ilikuwa mchana au usiku, na mwanga ulikuwaje? Alimfahamu kabla? Mimi naiheshimu sana hukumu hii. Hakuna kifungu cha Sheria ya Ushahidi kinachoyataja mambo hayo kwa mpangilio huo. Yametoka kwa majaji. Na kwa sababu yake, "nilimuona kwa mwanga wa koroboi" si maneno ya kumtosha hakimu kumpeleka mtu gerezani miaka thelathini. Lazima shahidi aeleze koroboi ilikuwa wapi na mwanga wake ulikuwa mkali kiasi gani.

Wakulima wenzangu wa tumbaku na mahindi, ninyi mna shauri lenu. Lohay Akonaay na mwanawe, wa Kambi ya Simba kule Mbulu, walipigania shamba la ukoo wao. Mwaka 1992 Bunge likapitisha sheria iliyofuta haki za ardhi za kimila katika vijiji vilivyoanzishwa wakati wa operesheni ya kuhamishia watu vijijini, na kuzuia hata kwenda mahakamani. Mahakama ya Rufani ikatamka kwamba haki ya kimila ya kutumia ardhi ni mali, inalindwa na ibara ya 24 ya Katiba, na mtu hawezi kunyang'anywa bila fidia ya haki. Hoja ya kwamba fidia ni ya mimea na majengo tu haikusimama. Sehemu kadhaa za sheria ile zikaanguka. Anayelima shamba la babu yake huko Sikonge bila hati ya kuchapishwa ana ulinzi, na ulinzi huo ulithibitishwa na familia moja ambayo haikukubali kunyamaza.

Je, Mahakama inaweza kurudi nyuma? Inaweza, na ni lazima tuseme hivyo wazi. Mwaka 1991, katika shauri la Daudi Pete, ilibatilisha kifungu cha 148(5)(e) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kilichonyima dhamana watu wanaoshtakiwa kwa makosa ya kutumia nguvu. Kifungu kilikuwa kipana mno, ikasema, kinamnasa hata asiye hatari kwa yeyote. Mwaka 2020, katika shauri la Dickson Sanga, Mahakama hiyo hiyo ikasema kifungu cha 148(5) hakivunji Katiba. Mimi nasimama na Daudi Pete. Mtu ambaye hatia yake haijathibitishwa apewe nafasi ya kusikilizwa kuhusu dhamana yake, na hakimu apime. Lakini kwa leo, kinachozifunga mahakama zetu ni uamuzi wa 2020.

Na Mahakama ikishasema, haina mkono wa kutekeleza. Tarehe 23 Oktoba 2019, katika shauri lililoanzishwa na Rebeca Gyumi, ilikubaliana na Mahakama Kuu kwamba vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa, vinavyoruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa, vinavunja Katiba. Serikali ilikuwa imepewa mwaka mmoja kurekebisha. Mwaka ukapita bila marekebisho. Hapa Tabora, ambako sote tunawajua mabinti walioacha daftari wakaolewa, jambo hili linaniuma.

Mzee mmoja ameniandikia swali kwenye karatasi: "Na wakikosea hao wa juu, nani atawarekebisha?" Mzee wangu, ziko njia chache. Bunge linaweza kubadili sheria. Mahakama yenyewe inaweza kuitisha jopo kubwa zaidi, kwa kawaida majaji watano, na kuuacha uamuzi wake wa zamani. Mchungaji Christopher Mtikila alijaribu njia ya tatu. Mwaka 2010 majaji saba wa rufani walimwambia suala la mgombea binafsi ni la Bunge. Akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu kule Arusha, na mwaka 2013 akashinda. Lakini mwaka 2019 nchi yetu iliondoa tamko lililowaruhusu wananchi kupeleka mashauri yao pale moja kwa moja. Imebaki kazi ya kuzisoma hukumu hizi, ambazo ziko wazi mtandaoni kwenye TanzLII bila malipo, ingawa nyingi bado zimeandikwa kwa Kiingereza, na kuzijengea hoja mpya. Mawakili vijana mlioko hapa, shauri la dhamana linalofuata huenda likaanzia Mahakama ya Wilaya ya Nzega. Liandaeni vizuri tangu siku ya kwanza, kwa sababu kumbukumbu zitakazoandikwa pale ndizo majaji watano watakazozisoma.