Gereza Lilianza Kuwa Kanisa

Ndugu zangu, hili nimelisema darasani, nimelisema barazani, na leo nalisema tena: neno "gereza" si tusi kwa kanisa. Kila nikieleza kwamba limetoka katika Kireno, igreja, yaani kanisa, hakosi mtu wa kudakia: "Mwalimu, kumbe wazee wetu waliliona kanisa la Wareno kama jela!" Hapana! Hadithi hiyo ni tamu, ila inaficha kisa chenyewe.

Tuanze mbali kidogo. Wagiriki wa Athens walikuwa na ekklesia, mkutano wa raia wanaume walioamua mambo ya vita na sheria. Ndani ya neno hilo mna kuita: watu wameitwa, wakatoka majumbani. Padri hayupo, altare haipo. Wakristo wa mwanzo, walioandika Kigiriki, wakalichukua kuita jumuiya yao. Kilatini kikalipokea, ecclesia, kisha watoto wengi wa Kilatini wakalitafuna kila mmoja kwa meno yake: Wafaransa église, Waitalia chiesa, Wahispania iglesia. Wareno wakageuza l kuwa r, kama walivyozoea. Mhispania akisema blanco kwa cheupe, Mreno husema branco. Ndiyo igreja hiyo.

Likafika pwani. Kiswahili hakikutaka g na r zibanane, kikapachika e katikati. Irabu ya mwanzo ikadondoka. Ile j ya Kireno, ambayo si j yetu, ikawa z. Gereza.

Sasa nisikilizeni hapa. Wareno haohao walilipeleka neno hilohilo Asia. Indonesia hadi leo gereja ni kanisa. Kwa Kihindi na Kiurdu, girja ni kanisa. Kwetu tu ndiko lilikogeuka. Kwa nini? Msiniambie chuki! Kwani huko kwingine Wareno walipendwa? Acheni kupekua mioyo ya marehemu, tazameni kuta.

Nendeni Unguja, Ngome Kongwe. Palikuwa na kanisa la Wareno pale. Wareno walipofukuzwa mwishoni mwa karne ya 17, Waomani wakajenga ngome mahali palepale, na katika karne ya 19 ngome hiyo ikafungiwa watu. Kanisa, ngome, jela, kiwanja kimoja! Nendeni Mombasa: Fort Jesus ilijengwa 1593 hadi 1596, na kanisa lilikuwa humo humo ndani, askari wakisali nyuma ya mizinga. Aliyesimama nje akitazama, kanisa na ngome angevitenga vipi?

Halafu nendeni Kilwa Kisiwani, kwa sababu huko ndiko uliko ushahidi ninaoupenda kuliko wote. Ile ngome ya ufukweni inaitwa Gereza. Jina la ngome! Hiyo ndiyo ngazi ya katikati ambayo watu wanairuka. Neno halikutoka kanisani likaingia jela moja kwa moja. Lilipitia ngomeni, na ngome ndiyo iliyokuwa na kuta nene na mlango mmoja, pahala pa kumweka mtu asitoroke.

Najua mtaniuliza, je, si Waingereza waliofanya Fort Jesus jela, kuanzia 1895 hadi 1958? Walifanya, ndiyo, lakini Unguja watu walishafungwa ngomeni kabla yao. Waingereza walikuta njia imeshakanyagwa.

Nilitaka kuwapa meza na leso, ambazo nazo ni za Kireno, lakini muda hauniruhusu. Waromania nao nawataja tu: wao waliiacha ecclesia, wakasema biserică, kutoka basilica, lile jumba kubwa la Warumi la mahakama na biashara.

Na "kanisa" letu je? Hilo tumelipata kwa Waarabu, nao kwa wasemaji wa Kiaramu, na mzizi wake ni kukusanya. Mkutano tena! Msikilizeni muumini wa leo akisema "kanisa limesimama kuomba". Hasemi matofali, anasema watu, kama Mgiriki wa Athens alivyosema ekklesia.