Shule Imepandisha Ada kwa Ajili ya Vishikwambi. Nilipe?

Wadau, habari za huko nyumbani. Leo siwapeleki sokoni kuwaonyesha bei ya ndizi. Kuna mama mmoja wa Dar kaniandikia, nikaona jibu lake halitoshi kwa meseji. Shule ya mwanawe imepandisha ada, kwa sababu muhula ujao kila mtoto atapewa kishikwambi, eti kumwandaa kwa ajira za baadaye. Ananiuliza: dada, na huko Uingereza ndivyo wanavyofanya? Nilipe?

Mama, ngoja nianze na hizo ajira, maana nazijua kwa mikono.

Sisi tulio huku Ulaya mnatuita wabeba boksi, na hatukatai. Huku Leicestershire, pale Lutterworth karibu na barabara ya M1, kuna eneo linaitwa Magna Park, ni maghala tu kila upande. Ukiingia kazini unapewa skana, nyingine inafungwa mkononi. Ndiyo bosi wako wa siku nzima. Inakwambia nenda rafu fulani, chukua pisi mbili, na ukigusa mzigo usio wenyewe inakulilia. Inahesabu pia, ukizubaa inajua. Na kuna maghala ambako boksi hulifuati tena: roboti inabeba rafu nzima inakuletea ulipo.

Sasa, mtu anayeheshimika mle ndani ni fundi anayeitwa pale mkanda unaosafirisha mizigo ukigoma. Haanzi na spana yule. Anachomeka laptopu, anaangalia ni kihisi kipi cha mashine hakisomi, ndipo anapanda ngazi. Mshahara wake na wangu havikai meza moja.

Kati yangu mimi na yule fundi, kishikwambi cha kusomea notsi kinamwandaa mtoto kuwa nani? Skana unafundishwa asubuhi, mchana umeshaizoea. Kugusa skrini hakuhitaji ada.

Waingereza wenyewe walishapita njia hiyo. Somo lao la TEHAMA lilikuwa zaidi kuandika barua kwenye Word na kupamba slaidi. Januari 2012 Royal Society, ile jumuiya yao kongwe ya wanasayansi, ikatoa ripoti kuwa somo linafundishwa vibaya, na mwezi huohuo waziri wa elimu, Michael Gove, akatangaza kuuondoa ule mtaala. Septemba 2014 shule za England zikaanza somo jipya, Computing, ambamo hata mtoto wa miaka mitano anajifunza kupanga maelekezo hatua kwa hatua. (Angalau wao walikuwa na kompyuta. Mimi nimesoma kompyuta kwa kuichora kwenye daftari na kutaja sehemu zake. Nilipata A, na panya sijawahi kumshika.)

Halafu 2016 BBC na wenzake wakaanza kugawa bure kitu hiki. Ngoja nikisogeze kwenye kamera. Kinaitwa micro:bit. Waliandaa hadi milioni 1, kwa watoto wa miaka 11 na 12 Uingereza nzima. Ni kabodi ka kompyuta, kadogo kuliko kadi ya benki. Kana taa 25 ndogo nyekundu, vitufe viwili, A na B, na kanatumia betri mbili nyembamba, zile za rimoti. Ndani kanahisi mtikisiko, joto, mwanga, na kana dira.

Hiki ni cha binti wa kaka yangu. Shuleni waliambiwa watengeneze kifaa cha kumwambia mtu kwamba ua lina kiu. Akachomeka misumari miwili kwenye udongo wa chungu, akaiunganisha na bodi kwa nyaya za klipu. Udongo mkavu umeme unapita kwa shida, namba inakuwa ndogo. Ukimwagia maji inapanda. Bodi inasoma kuanzia 0 mpaka 1023. Akaandika programu: ikishuka chini ya 400, onyesha uso ulionuna. Ikawa inafanya kazi, mtoto anaringa nyumba nzima.

Baadaye namba zikavurugika. Udongo umelowa, uso umenuna. Akabadilisha betri, wapi. Akang'oa misumari, akakuta mmoja umeliwa na kutu. Mwalimu hakumpa jibu, alimuuliza tu: huo umeme unapita saa ngapi? Kumbe unapita muda wote, na ndio unaokula msumari. Akaandika programu upya: washa, soma, zima, subiri.

Mnaona? Mtoto wa miaka 12 amefanya kazi ileile ya yule fundi wa mkanda. Kilichomfundisha si ile bodi peke yake, ni mwalimu aliyejua pa kunyamaza na pa kuuliza.

Msidhani huku ni peponi. Walimu wa Computing ni wa kutafuta kwa tochi, na wasichana wanaochagua mtihani wake ni wachache mno. Mwishoni mwa 2025 serikali imesema mtihani huo utabadilishwa uwe mpana zaidi.

Turudi kwetu. Majirani zetu Kenya waliahidiwa laptopu za darasa la kwanza kwenye uchaguzi wa 2013. Vifaa vikaanza kufika 2016, vikiwa vishikwambi, na jumla vilipita milioni 1. Kuna shule vilifungiwa stoo: mwalimu hajui avitumieje, mwalimu mkuu anaogopa wezi. Sisi, baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya 2022, vishikwambi vya makarani vikapelekwa kwa walimu. Kwa hilo naisifu serikali, maana ndiyo foleni sahihi, mwalimu kwanza. Na mtaala mpya ulioanza 2024 una mkondo wa amali, yaani wa ufundi, sekondari, kwa hiyo nafasi ya watoto kushika nyaya ipo.

Kwa hiyo mama, nenda shule. Usiulize kishikwambi kina GB ngapi. Uliza mwanao atatengeneza nini hadi muhula uishe, kitu utakachokiona kwa macho. Uliza mwalimu gani atafundisha, na yeye amefundishwa na nani. Umeme ukikatika je? Kioo kikipasuka nani analipa? Wakibabaika, omba kikao cha wazazi, uwaambie hivi: hii bodi huku ni kati ya paundi 15 na 20, tuseme elfu hamsini na kitu au zaidi. Si bei ya maandazi, ila moja inatosha watoto wanne. Programu ya kuiandikia, MakeCode, ni bure, ipo ya kuweka kwenye kompyuta itumike bila intaneti, na ina bodi ya kuigiza kwenye skrini, kwa hiyo watoto wanaweza kuanza hata kabla bodi yenyewe haijafika. Kompyuta chache za mtumba zinatosha darasa. Pigeni hesabu hiyo mbele ya mwalimu mkuu, mlinganishe na ada aliyopandisha.

Akikujibu niandikie, nitasoma jibu lake hapahapa bila kutaja shule. Na wewe mwalimu unayefundisha TEHAMA huko Songea, Kigoma, popote, niambie una kompyuta ngapi zinazowaka. Mimi zamu inaanza saa nne usiku na basi la huku halisubiri mtu. Baadaye.