Kanisa la Forodhani na kuta zake: mhadhara kuhusu Ngome Kongwe

Assalaam alaykum. Mafundi, vijana wa chuo, na wazee wa mtaa mliofika, ahsanteni. Nimetakiwa nieleze jinsi Ngome Kongwe ya hapa Mji Mkongwe, Zanzibar, ilivyobadili kazi tangu palipokuwa na kanisa. Hayo nitayapitia mbio, maana wengi mnayajua. Nitakaa zaidi kwenye ukuta wenyewe, na wanaonijua wanajua tayari kwamba nitasema chokaa.

Wareno walijenga kanisa lao pale Forodhani kati ya 1598 na 1612. Waomani walipowatoa Wareno pwani hii mwishoni mwa karne ya 17, walijenga ngome kwenye kiwanja kilekile. Kanisa hawakulifuta lote, na mabaki yake yamo ndani ya kuta za ngome hadi leo. Karne ya 19 pakawa kambi ya askari na jela. Kwamba neno gereza limetokana na igreja, yaani kanisa kwa Kireno, mmeshalisikia, sirefushi. Ilipojengwa reli ya Bububu mwanzoni mwa karne ya 20, ngome ikawa bohari ya reli. Mwishoni mwa miaka ya 1940 wanawake wakacheza tenisi uani. Miaka ya 1990 pakajengwa ukumbi wa wazi wenye ngazi za kukalia, na hapo ndipo yamekuwa yakifanyika kwa miaka mingi tamasha la filamu la ZIFF na la muziki la Sauti za Busara.

Basi watu huuliza: kati ya hao wote, nani aliyeharibu zaidi? Mimi naona swali hilo linatupoteza. Askari akilala ndani ya ukuta, mfungwa akifungwa, mpira ukipigwa, ukuta hauna habari. Kinachouua ni namna unavyotiwa kiraka. Kuta za mji huu ni mawe ya matumbawe, udongo mwekundu, mchanga na chokaa. Ni nene, na ndani si ngumu. Zinanyonya maji kutoka ardhini, na maji hayo hutoka tena kupitia lipu ya chokaa, kwa sababu chokaa ina vitundu vidogo vinavyopitisha unyevu. Ukuta unalowa na kukauka, miaka mia tatu, na haudhuriki.

Sasa piga lipu ya saruji juu yake. Maji yanaendelea kupanda kutoka chini, lakini njia ya kutokea imezibwa. Yanapanda juu zaidi, yanafika mahali ambapo zamani hayakufika, yanaozesha vichwa vya boriti vilivyolala ndani ya ukuta. Chumvi iliyomo kwenye maji inaganda nyuma ya saruji, inavimba, inasukuma. Mwaka wa kwanza ukuta unapendeza. Baada ya misimu michache ya masika saruji inabanduka kwa vipande vikubwa, na kila kipande kinaondoka na uso wa jiwe. Fundi anaitwa, anapiga saruji nzito zaidi. Hapo jiwe linazidi kuliwa.

Mtu atasema saruji ina nguvu kuliko chokaa. Ndiyo, na hiyo ndiyo kasoro yake hapa. Ukuta laini ukifunikwa na kitu kigumu, ukuta ukicheza kidogo kigumu kinapasuka, nyufa zinaingiza mvua, na mvua iliyoingia haitoki. Mwingine atasema chokaa inachelewesha kazi. Inachelewesha, kweli. Lakini kazi ya saruji mtairudia, na kila mkiirudia mna mawe machache kuliko mwanzo.

Tuseme mnaifanya kazi ya chokaa inavyotakiwa. Matumbawe yakishachomwa kwenye tanuri, kwenye joto la nyuzi 900 hivi, yanakuwa chokaa mbichi. Jaza pipa maji nusu, kisha tia mabonge kidogo kidogo huku ukikoroga kwa mti mrefu. Tia chokaa kwenye maji. Usisimame juu ya lundo la chokaa ukalimwagia maji, litakurukia. Vaa miwani na glovu, kwa sababu inachemka kweli na inapofua macho. Ikitulia, ichuje, iweke shimoni au pipani, juu yake pawe na maji siku zote, isipate hewa. Ikae miezi mitatu kwa uchache. Ikiiva inashikana kama samli iliyoganda. Kipimo ni chokaa 1 kwa mchanga 3. Mchanga uwe wa chembe kali, uliooshwa, na wa pwani msiulete kabisa, mtakuwa mmeupandikizia ukuta chumvi kwa mikono yenu. Maji msiongeze, piga mchanganyiko mpaka ulainike wenyewe.

Saruji ya zamani itolewe kwa patasi na nyundo ndogo. Mashine ya kutikisa inalegeza mawe ya ndani. Ukuta uachwe wazi ukauke, ikiwezekana msimu mzima wa kiangazi. Chumvi inayojitokeza ipigwe brashi kavu na ikusanywe itupwe mbali. Ukiiosha inarudi ndani. Jioni ya kuamkia kazi lowesha ukuta. Tabaka la lipu lisizidi milimita 10 au 12, na la pili lisubiri la kwanza liwe gumu kiasi cha kukataa alama ya kidole. Halafu funika kwa magunia yaliyolowa kwa siku kadhaa. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika: jua la kaskazi linaikausha chokaa kabla haijashika, inabaki unga, na lawama inapewa chokaa badala ya aliyesahau magunia. Mwisho paka chokaa nyepesi mara nne au tano. Rangi ya plastiki juu yake inaziba ukuta sawasawa na saruji.

Naona naonyeshwa saa. Nilikuwa na habari ya boriti za mikoko, naiacha. Mitini inayoota kwenye kuta: kukata matawi hakusaidii, mzizi lazima ufe kwanza, na msiung'oe kwa nguvu, unatoka na mawe. Wenye matamasha: hakuna kutoboa ukuta kwa ajili ya taa wala spika, vyuma visimame chini kwa uzito wake, na maji ya vyoo vya muda yasimwagwe penye msingi.

Na asiniambie mtu kwamba haya ni mambo ya wapenda historia tu. Jirani wa ngome, jumba la Beit al-Ajaib, liliporomoka sehemu kubwa tarehe 25 Desemba 2020, na watu wawili waliokuwa kazini wakafariki. Mifereji ya paa la ngome isafishwe kabla ya masika, na tena kabla ya vuli.