Gauni la harusi linajaribiwa kwa magoti

Mbukwenyi! Haya, wengine mmeitikia na wengine mmeangaliana, hao ni wageni wa mji, karibuni sana Dodoma. Shikamooni mama zangu mliokaa huku mbele, na nyie mabibi harusi watarajiwa, hamjambo. Nimeombwa niongee kuhusu shepu ya gauni, lipi linampendeza nani, na najua wengi mmekuja na picha kwenye simu. Wekeni simu chini kwanza.

Chukua picha yoyote uliyoiseivu. Huyo dada kasimama, kageuka upande upande, mguu mmoja mbele, pumzi kaivuta, na nyuma ya gauni kuna vibanio ambavyo kamera haivioni, gauni lenyewe kalivaa kwa ajili ya picha akalivua. Sasa wewe siku yako utaingia garini na kushuka, utapanda ngazi za kanisa au kama ni ndoa ya nyumbani utakaa chini kwenye zulia, jioni utaingia ukumbini unacheza maana siku hizi MC hakubali uingie unatembea tu, utakaa hai tebo kuanzia saa moja usiku mpaka saa sita, na ikifika zamu ya keki utapiga magoti mbele ya wakwe zako huku ukumbi mzima umewasha simu. Ndio maana bibi harusi akija kwangu simuulizi una mwili gani. Namuuliza, keki ya mama mkwe utaitoaje?

Mnacheka, lakini hilo ndio somo lenyewe. Gauni linalokupendeza ni lile ambalo ukipiga magoti bado linakupendeza.

Mtandaoni wanawagawa watu kwa matunda, wewe peya, wewe tufaha, huku kwetu sijui tungesema wewe zabibu na mwenzio ubuyu. Mimi sitaki kusema ni uongo wote, ila haisaidii sana, kwa sababu fundi hashoni tunda. Fundi anashona mstari. Anaamua mshono wa kiuno upite wapi na sketi ianzie kupanuka wapi, basi, hapo ndipo jicho la mtu linapoenda. Ile harusi ya mwaka 2011 ya Kate Middleton na Prince William kule London mnaikumbuka, dada mwembamba kabisa yule, na bado gauni lake lilibanwa kiunoni na kuwekewa pedi kwenye nyonga ili kiuno kionekane. Yaani hata ile shepu tuliyoiona kwenye tivii ilijengwa. Kwa hiyo ukisimama mbele ya kioo gauni halijakaa, usianze kujilaumu wewe na tumbo lako, angalia mshono.

Kiuno chako kiko wapi? Usinionyeshe kwenye kitovu. Simama, inama kwa ubavu kama unafuata kitu kilichoanguka pembeni, pale panapokunjika ndio kiuno. Kwa wengi ni juu ya kitovu, na wengi mnavaa jinzi za kiuno cha chini mpaka mmesahau. Ukiwa mfupi, mshono ukipanda hata inchi moja juu ya hapo miguu inaonekana mirefu, wala hauhitaji kiatu cha kukuua. Ukiwa na kiwiliwili kifupi, yaani mbavu zimekaribiana na nyonga, mwambie fundi mshono wa mbele ushuke kwa ncha kama herufi V, unakurefusha kati. Na mwenye kifua kikubwa, jamani, vaa sidiria utakayovaa siku hiyo KABLA ya kupimwa, kwa sababu kifua kikinyanyuka kiuno kinaonekana, kikishuka kinakizika, na hakuna mshono utakaokiokoa.

Sasa tuje kwenye mkia wa samaki, maana ndio mnalotaka wote, nawajua. Linalobana kuanzia kifuani, kiunoni, nyonga, mapaja, halafu linafumuka chini. Ni zuri, sibishi, na sio la wembamba tu kama watu wanavyosema, dada mwenye nyonga zake akilivaa likashonwa sawa ukumbi unasimama. Shida yake iko sehemu moja tu, linafumukia wapi. Likifumukia gotini au chini ya goti, hutapiga magoti, utaanguka, au matroni na msimamizi watakushika huku na huku wakushushe. Mwambie fundi lianze kufumuka kiganja kimoja au viwili juu ya goti, kwa mbele huoni tofauti kubwa na mguu unapata nafasi, na nyuma aongeze vipande vya pembetatu ili hatua itanuke. Halafu fanya jaribio hili ukiwa nyumbani: jipime nyonga kwa futi kamba umesimama, kisha kaa kwenye kiti kigumu ujipime tena. Namba inaongezeka, kwa mnene na kwa mwembamba. Satini haivutiki, kwa hiyo ile ziada itaenda wapi? Inasukuma gauni juu, ndio unaona bibi harusi kakaa hai tebo gauni limemjaa tumboni, anashusha na mkono kila dakika, na video inachukua. Ukitaka mkia wa samaki chukua krepu nzito yenye kuvutika kidogo, au upimwe ukiwa umekaa. Fundi akikataa kukupima umekaa, tafuta mwingine.

Na kuna shangazi zako wa Mpwapwa na Kongwa, hao huwaweki kwenye ratiba. MC akisema wageni waendelee na chakula, wao wanaingia na ngoma za Kigogo za muheme wamezibana mapajani, na bibi harusi anatakiwa ashuke chini na yeye. Gauni lililobana mpaka chini ya goti pale halina la kusema.

Shepu ya A sina maneno mengi, inambana mtu juu na kushuka inapanuka taratibu, Christian Dior, yule mbunifu wa mavazi wa Paris, ndiye aliyeipa hiyo herufi kwenye mavazi yake ya mwaka 1955 na mpaka leo haijamtupa mtu. Ukiwa hujui uchague nini na muda umebana, chukua hiyo. Unapiga magoti, unacheza, unakaa, na mapaja yako ni siri yako.

Lile la prinsesi, la sketi kubwa na kani-kani ya ringi ndani, ile sketi ya ndani ya kulitanua, hilo linataka uniambie ukumbi. Watu wanadhani ni la warefu tu, hapana, mfupi anaweza, ila sketi isiwe pana kuliko urefu wake, na ringi moja inatosha badala ya nne. Kikubwa ni nafasi. Kuna kumbi hapa mjini hai tebo imebanwa na ukuta wa maua, viti vinne, kapu la zawadi, spika, we unaingia na sketi ya mita mbili unakaa wapi, bwana harusi anakaa wapi? Na ringi ukikaa vibaya inanyanyuka mbele kama mwavuli, kwa hiyo jifunze kukaa: unashika ringi ya juu kwa nyuma, unainyanyua, ndio unakaa. Gari pia. Ringi unaweza kuivua, ukaja kuivaa kanisani.

Ndio, mama? Eeh, swali zuri, mama anauliza mwenye tumbo. Mama yangu, kuna tumbo la ugali na kuna tumbo la mtoto, na yote mawili yanaolewa. Kwa tumbo la mtoto kuna lile gauni la mshono chini ya kifua, lilikuwa la wanawake wa Ufaransa enzi za Napoleon, linabana chini ya matiti tu halafu linashuka lenyewe. Hilo ndio mahali pake, na msipime leo mkamaliza, acheni akiba, miezi miwili ijayo kifua nacho sio hiki. Ila kwa tumbo la kawaida mimi silipendi hilo gauni, nasema wazi, kwa sababu linamfanya kila mtu aulize mna miezi mingapi. Tumbo la kawaida linataka kitambaa kizito kisichong'aa, mikunjo ya mshazari inayovuka kutoka ubavu mmoja kwenda mwingine, na mifupa ya plastiki ndani ya bitana. Usilibane, likibanwa linatokea juu na nyuma mgongoni.

Gauni la kunyooka, lile jepesi la kuteleza, nitalipita haraka. Yale yanayokatwa kwa mshazari wa kitambaa, Madeleine Vionnet alikuwa bingwa wao Paris miaka ya 1920 na 1930, yanafuata mwili kila mahali, na nikisema kila mahali namaanisha mpaka alama ya nguo ya ndani. Ukiwa na moyo nalo, livae. Lisining'inizwe tu wiki nzima kwenye hanga, linavutika chini na pindo linakuwa la kuyumba.

Kitu ambacho hakuna anayekiangalia dukani ni shimo la kwapa. Nyanyueni mikono wote, hivi, kama mnapokea zawadi. Mkono unanyanyuka na gauni linabaki? Likiwa na shimo la kwapa kubwa lililoshuka, ukinyanyua mkono gauni zima linapanda nao, kiuno kinahama, na wewe umeinyanyua mikono usiku kucha. Shimo likae juu karibu na kwapa, linaonekana dogo lakini ndio linaloachia mkono. Hii ni muhimu zaidi kwa dada zangu wa Kiislamu na kwa wale ambao kanisa lao linataka mabega yafunikwe, maana mikono mirefu ya lesi isiyo na nafasi inachanika kwenye kiwiko. Na mwenye hijabu usihangaike na shingo ya gauni, kitambaa kitaifunika, peleka hela yako kiunoni na kwenye mikono.

Halafu tuko Dodoma. Harusi nyingi zinaangukia kiangazi, Juni, Julai, Agosti, upepo unavuma na vumbi letu ni jekundu. Diana wa Uingereza kwenye harusi yake mwaka 1981 alikuwa na mkia, ile sehemu ya gauni inayoburuta nyuma, wa zaidi ya mita 7 na alishuka kwenye kigari chake cha farasi hariri imekunjamana, na pale kulikuwa na zulia. Wewe unataka mita tatu ukapige picha kwenye mashamba ya zabibu? Chukua mkia mfupi unaofungwa nyuma kwa vifungo, na uvijaribu vile vifungo viwe vitano au sita, kimoja hakibebi. Shela nayo iwekewe uzito kidogo pembeni, lesi inatosha. Na rangi, nyeupe ya barafu kwenye ngozi zetu na flashi za usiku inapauka, krimu inang'arisha uso. Hiyo ni macho yangu, wengine watawaambia vingine.

Kununua au kukodi, fanyeni mnachoweza. Tangu SGR ianze 2024 mtu anaenda Kariakoo asubuhi anarudi jioni na gauni, vizuri, ila unalijaribu dukani umesimama, umebanwa na watu, muuzaji anasema dada umependeza. Kabla hujalipa ligeuze ndani nje uone akiba ya kitambaa kwenye mishono ya pembeni. Nusu inchi ikiwepo kila upande wa mishono miwili, una inchi mbili za kuachia mzunguko mzima. Isipokuwepo, usinunue dogo kwa matumaini ya kupungua mwili, nunua kubwa, kupunguza ni rahisi kuliko kuongeza. La kukodi tafuta la kufunga kwa kamba nyuma badala ya zipu, linakubali mwili wa juzi na wa leo. Na tafadhali, usiende na kamati nzima. Watu wawili, mmoja wao awe yule asiyeogopa kukwambia hapana.

Fitingi ya mwisho iwe wiki moja au mbili kabla, uje na viatu vyenyewe vya siku hiyo, sio vinavyofanana, pindo linapimwa na kiatu, mbele likae juu kidogo ya kidole ili usilikanyage ukicheza. Keti, piga magoti, inuka bila kushikwa. Na uje na atakayekufunga kamba, awe matroni au dada yako, arekodi kwenye simu fundi anavyofunga, kutoka juu kushuka, fundo likae chini lifichwe ndani, kwa sababu asubuhi ile fundi hatakuwepo na watu watakuwa wanapiga honi nje. Haya, maswali. Mama yangu wa kitenge cha kijani, anza wewe.